MANENO NA MAANA YAKE: KUTIA NGUVU



Mwezi huu tumepata swali la mwalimu mmoja afundishaye insha, nalo latufaa sote. Asema kwamba alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi wake, akakuta mmoja ameandika, "Chai ile ilimtia moyo mgonjwa." Mwalimu akalipiga neno moyo mstari mwekundu, akaandika juu yake nguvu. Lakini usiku, taa ilipokwisha kuzimwa, shaka ikamwingia. Je, alimtendea haki mtoto yule? Tena kutia nguvu, kutia moyo, kupa nguvu, kuchangamsha, kuburudisha, kuhuisha: je, yote haya si jambo moja? Na kama si moja, atawaelezaje watoto tofauti yake?

Nimelifikiri swali hili siku nyingi kuliko nilivyodhani, kwa sababu ambayo nitaisema mbele. Kwanza tulitazame neno lenyewe.

Kutia ni kuweka kitu ndani ya kitu kingine. Mama hutia chumvi mchuzini na maji mtungini. Nahodha hutia nanga baharini. Kisha lugha yetu ikalichukua neno hilo la jikoni na la chomboni, ikalitumia kwa mambo yasiyoonekana: kutia hofu, kutia aibu, kutia shaka. Lakini tabia ya neno haikubadilika. Palipo na kutia pana yule atiaye, pana kile kitiwacho, na pana chombo cha kukipokea. Chumvi haizaliwi mchuzini. Kwa hiyo tusemapo kwamba uji ulimtia mgonjwa nguvu, twasema kwamba nguvu ile haikuwamo ndani yake, au ilikuwamo kidogo tu, nayo ikatoka nje ikaingia. Msomaji akilishika hilo, mengine yatamwia mepesi.

Kupa nguvu ni ndugu yake wa karibu, na mara nyingi waweza kulitumia moja mahali pa jingine bila kosa. Walakini kupa huelekea pia upande wa mamlaka. Kanuni za chama humpa mwenyekiti nguvu ya kuuvunja mkutano, hazimtii nguvu. Mwenyekiti huyo yamkini ni mgonjwa, hata kusimama hawezi, na bado nguvu aliyopewa anayo. Kuwezesha, neno lipendwalo mno na mashirika siku hizi, ni kumfanya mtu aweze, ama kwa fedha, ama kwa mafunzo, ama kwa kumwondolea kizuizi njiani.

Kuburudisha lina habari ya kupendeza. Burudani na baridi ni watoto wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya ubaridi. Neno hili limekaa vema katika nchi za jua kali, maana huku mtu aliyechoka hutafutiwa kivuli, upepo, na maji ya mtungi. Aburudishwaye amepozwa kwanza, ndipo nguvu zake zikapata nafasi ya kurudi.

Kuhuisha ni neno zito zaidi. Shina lake ni hai, nalo pia latoka Kiarabu, lakini mkia wake ni wa kwetu, ule ule tuusikiao katika kurudisha na kukumbusha. Hivyo neno hili lina baba mgeni na mama mwenyeji, kama maneno yetu mengi. Kuhuisha ni kukipa uhai kilichokufa au kilichokaribia kufa. Katika ofisi za siku hizi nasikia watu wakihuisha taarifa na kuhuisha fomu. Sina ugomvi nao. Lugha ni ya watu wote. Ila huwa nacheka kidogo nionapo fomu ikihuishwa, kana kwamba ilikuwa kaburini.

Sasa tufike palipo na ugumu, nako ni kuchangamsha.

Msomaji aliyewahi kukaa barazani mjini Mombasa au Zanzibar wakati wa jioni amemwona muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Kahawa yake ni chungu, haina sukari. Mtu aliyekuwa akisinzia hunywa vikombe viwili, macho yakafumbuka, mazungumzo yakaendelea. Je, kahawa ile imemtia nguvu? Kwa kipimo cha wataalamu wa chakula, kikombe cha kahawa isiyo na sukari wala maziwa karibu hakina nguvu yo yote ya kuulisha mwili. Kazi yake ni nyingine. Mtu akeshapo, kitu fulani huzidi kukusanyika ubongoni, nacho ndicho kiuambiao mwili kwamba umechoka na wapasa kulala. Kafeini iliyomo katika kahawa hukizuia kitu hicho kisisikilizwe. Uchovu upo pale pale, ila mjumbe wake amefungiwa mlango. Basi lugha yetu ilisema kweli kabla ya wataalamu: kahawa huchangamsha.

Lakini msomaji atakumbuka kwamba pamoja na kahawa huuzwa kashata, ya njugu au ya nazi, iliyopikwa kwa sukari. Sukari ni chakula, na mafuta ya njugu na nazi ni chakula. Kikombe chachangamsha, kashata yatia nguvu. Wazee wa barazani hawakusoma elimu ya kafeini, lakini waliviweka vyote viwili katika sinia moja.

Nasema haya kwa sababu madukani siku hizi vimejaa vinywaji vya makopo viitwavyo vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 la kinywaji kimoja mashuhuri lina miligramu 80 hivi za kafeini na gramu 27 hivi za sukari. Sukari hiyo hutia nguvu kweli, kwa muda mfupi, kama itiavyo sukari yo yote. Iliyobaki ni kazi ile ile ya dele la kahawa. Kijana anywaye makopo matatu ili akeshe na vitabu usiku wa kuamkia mtihani amechangamshwa mno na kulishwa kidogo. Naye mzazi asomaye maneno ya kopo na asome kwa kutafakari, maana neno nguvu limeandikwa pale kwa herufi kubwa kuliko kazi yake.

Jambo la ajabu ni kwamba mataifa yetu mawili jirani yamegawana njia hizi mbili bila kupatana. Walipohitaji neno la ile nguvu ya umeme, ya makaa na ya mafuta, Watanzania walichukua nishati, wakawa na Wizara ya Nishati. Wakenya hupenda kusema kawi, nao husema Wizara ya Kawi. Yote mawili yametoka Kiarabu. Lakini shina la nishati lina maana ya wepesi na uchangamfu, na shina la kawi lina maana ya kuwa na nguvu. Mmoja alitazama jinsi kitu kichangamkavyo, mwingine akatazama nguvu iliyomo ndani. Wayunani wa kale walikuwa na njia ya tatu: neno lao energeia, alilolitumia Aristotle katika karne ya nne kabla ya Kristo, limeunganishwa kutoka "ndani" na "kazi", yaani hali ya kuwa kazini. Ndilo lililozaa neno la Kiingereza ambalo Thomas Young, mwaka 1807, alilitumia kwa nguvu ya kitu kiendacho, na tangu hapo likawa neno la wanasayansi.

Liko bado neno kuchochea, nalo ndilo linirudishalo kwenye sababu niliyosema nitaieleza.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Nalikuwa kijana, na nilijivunia darasa langu kwa kuwa lilikuwa jepesi kujibu. Alikuwamo mtoto mmoja wa kiume, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliyekuwa amebadilika muhula ule. Kila siku, saa nne ikikaribia, macho yake yalifumba. Nikamwambia, "Changamka!" Akachangamka kidogo, kisha akasinzia tena. Nikamsimamisha. Akasinzia amesimama. Siku moja, katika somo la hesabu, nikakasirika, nikamtoa nje, nikamwamuru auzunguke uwanja mara tatu akikimbia, ili damu yake iamke. Darasa zima lilikuwa likitazama madirishani, nami niliwaacha watazame.

Mzunguko wa kwanza alimaliza. Katika wa pili alifika penye mwembe, akapiga magoti, akaliegemea shina la mti kwa mikono yote miwili kama mtu ashikaye nguzo ya nyumba.

Mama aliyekuwa akitupikia walimu uji alikuwa ametoka jikoni, akaona. Hakuniuliza neno. Alikwenda na kikombe cha bati, akaketi chini karibu na mtoto, akamnywesha polepole. Nilipofika alinitazama, akasema kwa adabu, maana nilikuwa mwalimu naye alikuwa mpishi, ingawa alikuwa na umri wa mama yangu, "Mwalimu, huyu hana kuni tumboni. Wewe unachochea nini?"

Baadaye nikajua habari yote. Mama yake mtoto alikuwa amelazwa hospitali, yapata majuma matatu. Baba alikuwa akienda huko na kurudi. Mtoto ndiye aliyewapikia wadogo zake wawili jioni, na unga ulipokuwa haba aliwapa wao. Asubuhi hakukuwa na kitu, naye alitembea kwa miguu kuja shuleni. Hakuniambia, kwa kuwa sikumwuliza. Nilikuwa nimempa amri, na amri haina mlango wa kujibu.

Sikumwomba radhi siku ile, wala siku ya pili. Nilijiambia kwamba mwalimu akimwomba radhi mtoto mbele ya wenziwe heshima ya darasa itavunjika. Mwisho wa mwaka baba yake akahama na watoto wote, nami sikuwaona tena. Kikombe kile cha bati nimekiona mara nyingi kuliko nipendavyo.

Kuchochea, msomaji ajua, ni kuzisogeza kuni ndani, au kuyapuliza makaa, ili moto uwake zaidi. Ni kazi njema na ya lazima. Wako watoto wavivu ambao kuni wanazo nyingi, nao hawana budi kuchochewa. Mwalimu asiyechochea hafundishi. Lakini kuni zikiisha, mchocheaji hupekua majivu tu, na akizidi kupuliza yatamwingia machoni. Nami nilikuwa nimechanganya maneno mawili. Nilidhani nikisema changamka kwa sauti kubwa ya kutosha, sauti itageuka kuwa uji.

Wataalamu wanatuambia kwamba ubongo wa mtu mzima, ambao uzito wake ni kama sehemu mbili katika mia ya uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu moja katika tano ya nguvu yote ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Kwa mtoto fungu hilo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mtoto aketiye kimya akifikiri hesabu, ambaye kwa macho yetu hafanyi kazi, yumo kazini kweli kweli na anateketeza kuni zake. Wazee wa Kenya waliokuwa watoto wa shule za msingi baada ya mwaka 1979 wangali wakiyasimulia yale maziwa ya Nyayo waliyogawiwa, nao huyasimulia kwa furaha ambayo sijaisikia wakisimulia somo lo lote.

Katika Maandiko imo habari ya mfalme aliyekosa kama nilivyokosa, tena kwa jeshi zima. Sauli, siku ya vita na Wafilisti, aliwaapisha watu kwamba mtu ye yote asionje chakula mpaka jioni. Alitaka nguvu za watu, naye akaziba njia ya nguvu kuingia. Yonathani mwanawe, ambaye hakukisikia kiapo, aliichovya ncha ya fimbo yake katika asali, akala, na msimuliaji hasemi kwamba mkono wake ulipata nguvu; asema kwamba macho yake yalipata nuru. Mwalimu ye yote aliyeona uso wa mtoto baada ya uji ajua kwamba msimuliaji yule alikuwa mtu aangaliaye. Watu wengine wa jeshi walizimia kwa njaa, na ilipofika jioni waliziangukia nyara wakala nyama pamoja na damu, jambo walilokatazwa. Kiapo cha kuwafanya hodari kiliwafanya wakosaji.

Iko na habari ya Eliya, alipokimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika alimgusa, na neno lake la kwanza lilikuwa aondoke ale. Palikuwapo mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamgusa, akamwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakumlaumu kwa kuchoka. Kwa nguvu ya chakula hicho alikwenda siku arobaini mchana na usiku. Mazungumzo makubwa juu ya kazi yake yalikuja baadaye, mlimani, alipokwisha kushiba na kulala.

Hata ule mlango wa nne wa Waraka kwa Wafilipi, tunaoupenda kuutaja tunapotaka watu wajikaze, wahitaji kusomwa wote. Katika mstari wa 13 Paulo asema habari ya yeye amtiaye nguvu, na watafsiri wa Kiswahili walilenga vizuri sana, maana neno la Kiyunani lililopo hapo nalo limejengwa kwa "ndani" na "nguvu". Ni kutia nguvu kabisa. Shina hilo hilo la nguvu, dynamis, ndilo alilolichukua Alfred Nobel mwaka 1867 kuipa jina baruti yake, dinamiti. Lakini tukisoma mstari huo mmoja na kuifunga Biblia tunasahau kwamba sehemu ile ni barua ya kushukuru. Watu wa Filipi walikuwa wamempelekea mahitaji yake kwa mkono wa Epafrodito, na mara tu baada ya kusema kwamba ametiwa nguvu, Paulo asema walifanya vema kushiriki dhiki yake. Hakuona kwamba jambo moja lalipinga jingine.

Nimelitaja neno kujikaze, nalo nataka kusema juu yake kidogo, maana naona ndilo tulitumialo vibaya kuliko yote. Mtu amefiwa, twamwambia, "Jikaze." Mama amejifungua jana, nyumba imejaa wageni wa kupikiwa, twamwambia, "Jikaze, mama." Kijana ametoka hospitalini, twamwambia, "Jitie nguvu." Tazameni ile silabi ji. Lile neno la kutia, lenye mtu wa nje atiaye, tumeligeuza tukamwambia aliye mtupu ajitie mwenyewe. Si neno baya daima. Akiambiwa na mtu aliyekwisha kumtekea maji na kumfulia nguo za mtoto, ni neno tamu. Akiambiwa na mtu anayeshika mlango tayari kwenda zake, ni njia ya adabu ya kuondoka. Simu ikiisha chaji hakuna aiambiaye ijikaze. Twatafuta umeme, hata kwa jirani, hata kwa kulipa.

Pwani wanawake hawakungoja wataalamu katika jambo hili. Mzazi huletewa uji wa pilipili manga, wa moto, na aletaye ni jirani au shangazi, naye hukaa mpaka kikombe kiishe. Pilipili yachangamsha, unga na sukari vyatia nguvu, na yule akaaye ana kazi yake ambayo nitaitaja mwisho.

Kwa kuwa wengi wenu mna watoto wadogo na wagonjwa nyumbani, niseme machache ya kutumika. Gramu moja ya wanga au ya sukari hutia mwilini nguvu ya kilokalori 4 hivi. Gramu moja ya mafuta hutia 9. Tumbo la mtoto mdogo ni chombo kidogo. Uji mwepesi humjaza upesi na kumtia kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Uji mzito hawezi kuumeza. Kijiko cha mafuta au njugu zilizotwangwa laini sana, zikikorogwa ndani ya uji, huongeza nguvu bila kukijaza chombo. Tena wataalamu wa lishe wa Tanzania, katika miaka ya 1980, walifundisha kazi ya kimea: uji hupikwa mzito, huachwa upoe kidogo, kisha hutiwa kijiko cha unga wa kimea cha ulezi na kukorogwa. Baada ya dakika chache uji ule mzito hulainika wenyewe, ukanywewa kwa urahisi, na unga wote umo. Huchemshwa tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Bibi zetu walikijua kimea kwa kazi nyingine, isiyofaa kuandikwa katika gazeti hili.

Jambo jingine: wako watu waaminio kwamba hakuna kitu kimtiacho mgonjwa nguvu kama dripu, nao humwomba mganga wa zahanati amtundikie hata asiyeihitaji, wakalipa fedha nyingi. Chupa ya lita moja ya maji ya glukosi ya kawaida, ile ya sehemu tano katika mia, ina gramu 50 za sukari. Nguvu yake haizidi kilokalori 200. Ni kama bakuli moja la uji uliopikwa kwa gramu 50 za unga. Daktari akiiagiza ana sababu: pengine mgonjwa amepungukiwa maji, au hawezi kumeza. Lakini mgonjwa awezaye kunywa, na ambaye daktari hakumwagizia, atapata nguvu nyingi zaidi katika sufuria kuliko katika chupa ile, na kwa gharama ndogo.

Sasa twarudi kwa kutia moyo, ndugu mwalimu, nawe umengoja sana.

Moyo katika lugha yetu ni makao ya ushujaa, na kutia moyo ni kuondoa hofu na kukata tamaa. Basi waweza kumtia moyo mtu mwenye nguvu tele, kama mchezaji aogopaye kuingia uwanjani. Na waweza kumtia nguvu mtu aliyekwisha kuwa na moyo mkuu, kama yule mtoto wangu wa darasa la nne, ambaye moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Ni vitu viwili. Mtu asimpe mwenzake kimoja akadhani amempa chote.

Lakini kuna mahali viwili hivyo vyakutana. Watu wavutapo chombo kupandisha pwani, au gogo, mmoja huita na wengine huitikia, nao huvuta kwa pamoja. Harambee ilikuwa mwito wa namna hiyo kabla Jomo Kenyatta hajaifanya mwito wa taifa la Kenya mwaka 1963. Sauti ile haina hata chembe ya chakula. Walakini gogo huenda, kwa sababu nguvu zilizokuwa zikitawanyika zimefika kwa wakati mmoja. Nami nimetazama mara nyingi: yule aitaye naye ameishika kamba. Kama angeketi kivulini akaita harambee, sidhani kwamba gogo lingesogea hata shibiri.

Basi sentensi ya mwanafunzi wako, "Chai ile ilimtia moyo mgonjwa," kwa sarufi haina kosa, na kwa maana yategemea habari yenyewe. Kama chai ilikuwa na maziwa na sukari, naye mgonjwa alikuwa dhaifu kwa kukosa chakula, nguvu ndilo neno, na mstari wako mwekundu ulikuwa wa haki. Kama ilikuwa chai kavu ya rangi, na mgonjwa alikuwa akisinzia tu, angeandika ilimchangamsha. Lakini kama mgonjwa alikuwa peke yake siku nzima, akidhani amesahauliwa, na mtu akatoka mbali kumletea chai, akaketi akaishika sahani mpaka akaimaliza, basi mtoto ameandika vema kuliko sisi wawili.

Usimrudishie daftari bado. Mwite kwanza, umwulize katika chai ile mlikuwa na nini, na ni nani aliyeileta.